Mpiga piano si lazima awe mtoto wa boss

Tuache kidogo ile maneno ya kusema mpiga gitaa anatoka kwa barabara, mpiga ngoma ni mtoto wa mtaa, lakini mpiga piano ni "mtoto wa boss": alikomalia nyumba ya etaji, baba alimulipia mwalimu, anasoma nota. Nimeisikia kwa repetisio, nimeisikia hata kwa harusi.

Sikatai, iko na chanzo. Kule Uingereza, Tony Banks wa Genesis alisoma Charterhouse, shule ya ada kubwa. Rick Wakeman wa Yes alipita Royal College of Music. Lakini kuingia chuo cha muziki si sawa na kuzaliwa tajiri, na hapo watu wanachanganya. Billy Preston, ambaye jina lake liliwekwa pamoja na la Beatles kwa "Get Back" mwaka 1969, tangu utoto alikuwa anapigia waimbaji wa injili ogani kule Los Angeles. Ray Lema wetu, aliyezaliwa Bas-Congo mwaka 1946, ogani aliijulia kwa seminari, akiwa na wazo la kuwa padri.

Kumbe tunauliza baba ya mpiga piano ni nani, wakati swali ni hili: ile piano ni ya nani? Gitaa mtoto anaweza kuiomba kwa jirani, hata kujitengenezea moja na bidoni. Piano inataka umeme, inataka mahali pakavu pa kuilaza, na bei yake inapita mfuko wa wazazi wengi. Kwa hiyo kwetu mara nyingi iko ya kanisa. Mtoto wa mama muuza makala anaigusa saa ya korali, basi. Siku akigombana na pasta, muziki umeisha. Nyumbani hana hata tushi moja.

Ubaya wa hiyo picha uko kwa feza. Rafiki yangu anapiga kwa okesta ya harusi. Mkubwa wa okesta alimukatia pesa ya transport, ati "weye uko mtoto wa boss". Baba yake anasukuma chukudu! Alirudi kwa miguu saa sita ya usiku. (Hata mimi najua hiyo hesabu: niliposema nasoma agronomia, wote waliuliza shamba yetu iko wapi. Hatuna. Baba ni fundi cherehani.)

Sasa rafiki anadai pesa yake mbele ya kuchomeka waya. Mkubwa anamulipa, lakini bado anamwita boss.