Car Wash: Utani Uliobeba Filamu Nzima

Filamu ya Car Wash ilitoka Marekani mwaka 1976, na tangu hapo wimbo wake umekumbukwa kuliko yenyewe. Wanaoitaja huisifu kwa muziki, kisha huipuuza kama mkusanyiko wa vituko visivyo na kichwa wala miguu. Ni rahisi kuona kwa nini. Filamu yote ni siku moja ya kazi katika kituo cha kuoshea magari mjini Los Angeles, kiitwacho Dee-Luxe. Watu wengi wanaingia na kutoka, na hakuna aliyetengwa kuwa shujaa. Kahaba anabadilisha nguo chooni. Mtoto wa tajiri anatapika. Kijana wa mwenye kituo anajiita mwanamapinduzi, anamnukuu Mao, na anavuta bangi. Mzee mmoja anatembea na mkojo wake ndani ya chupa. Kwa dakika 97 mtazamaji anapewa mizaha ya chooni na ya kitandani, halafu katika dakika za mwisho mtu anatoa bastola na kulia. Wengi wameona huo mwisho kuwa kiraka. Ninapinga. Mwongozaji Michael Schultz aliufanya utani wa wafanyakazi ubebe kazi ambayo filamu nyingine huipa kisa, na bastola ile inatokea pale hasa utani unaposhindwa. Ukiufuata utani tangu asubuhi, unauona mwisho unakuja.

Tuanze na mahali penyewe, maana pamepangwa kwa akili. Gari linaingia upande mmoja, mwenye gari anashuka na kwenda kwa karani kulipa, gari linavutwa kupitia maji, sabuni na brashi, kisha linatokea upande wa pili ambako wafutaji wanalingoja na matambara. Mwandishi wa hadithi hahitaji tena kutafuta sababu ya kumwingiza mhusika mpya, kwa kuwa kila gari linakuja na mtu wake, na gari likishakauka mtu huyo hana tena sababu ya kubaki. Ndani ya utaratibu huo Schultz anaweza kuachia mzaha katikati, akachungulia mwingine, akarudi. Alikuwa ametoka kwenye jukwaa, alikofanya kazi na kundi la Negro Ensemble Company la New York, na filamu yake ya Cooley High ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia. Mtu wa jukwaa hujua kuweka waigizaji kumi mbele ya macho kwa pamoja bila mmoja kumfunika mwenzake. Katika Car Wash mara nyingi tunamwona anayetania, anayetaniwa na wanaocheka ndani ya picha moja. Hilo la tatu ndilo zito zaidi. Utani bila mashahidi ni tusi tu. Mashahidi ndio wanaoamua kama mpaka umevukwa au la.

Gundi ya pili ni redio. Kwa kawaida muziki wa filamu hutungwa picha zikishakatwa. Hapa Norman Whitfield, mtunzi na mtayarishaji aliyekwisha kujipatia jina kwa kazi zake za Motown, alitunga mapema, kundi la Rose Royce likapiga, na waigizaji wakafanya kazi yao na muziki huo ukisikika. Matokeo yake yanaonekana mwilini: wafutaji wanazungusha matambara kwa mdundo, wanapokezana maneno kwa mdundo. Lakini redio ya Dee-Luxe haichezi nyimbo tu. Inatangaza habari za mtu anayetega mabomu yaliyofichwa kwenye chupa, hivyo yule mzee wa mkojo anapotokea na chupa yake, kituo kizima kinamrukia. Kichekesho kilishapandwa kupitia masikio, na hakuna aliyelazimika kukieleza. Inatangaza shindano la tiketi za tamasha, na kijana T.C. anapata shughuli ya siku nzima: kuipata simu, kushinda tiketi, na kumshawishi Mona, mhudumu wa mgahawa, waende pamoja. Yuko atakayesema ujanja huu ulikuwa wa American Graffiti ya mwaka 1973, ambayo nayo ilishonwa kwa redio. Ni kweli redio ilitangulia kule. Ila kule nyimbo zilikuwa za zamani, na redio ilimrudisha mtazamaji kwenye ujana uliopita. Huku nyimbo ni mpya, zimetungwa kwa ajili ya kazi hii na mahali hapa, na zinawaendesha watu walio kazini. Tamasha la filamu la Cannes mwaka 1977 lililitambua hilo: filamu ilipata tuzo ya muziki na tuzo ya ufundi kwa pamoja.

Sasa utani wenyewe. Pale Dee-Luxe una sheria, ingawa hakuna anayezitamka: kila mtu anaweza kutaniwa, kila mtu ana haki ya kujibu, na jibu likiwa kali kuliko shambulio, shauri limekwisha na kazi inaendelea. Anayekataa mchezo huo ni mmoja tu, Duane, aliyeingia Uislamu na kujiita Abdullah. Bill Duke anamwigiza kwa mwili mrefu uliokakamaa na uso usiocheka kamwe. Wenzake wanaendelea kumwita Duane. Kila wanapofanya hivyo tunaona jina jipya likigonga ukuta, na hakuna hotuba ya kutueleza anavyoumia.

Lichukue pambano lake na Lindy kama mfano wa ufundi wote. Lindy, aliyeigizwa na Antonio Fargas, ni shoga anayejipamba kike bila kuomba radhi kwa yeyote. Abdullah anamshambulia mbele ya wenzao, tena si kwa utani bali kwa mahubiri: anamwona kama mtu mweusi aliyeharibiwa na jamii ya wazungu. Lindy hatetei msimamo wowote. Anamjibu kwa sentensi moja ya kitandani, kwamba yeye ni mwanamume kuliko Abdullah atakavyowahi kuwa, na ni mwanamke kuliko yeyote ambaye Abdullah atawahi kumpata. Pale kuna uchafu, na uchafu huo ndio silaha. Abdullah alileta nadharia mahali ambapo kesi huamuliwa kwa kicheko, akashindwa mbele ya mashahidi. Angalieni pia kwamba jibu ni la Lindy mwenyewe. Mwandishi hakumtuma mwenzake mwema aje kumtetea.

Najua pingamizi la leo: filamu hii inamfanya shoga kuwa kichekesho. Sehemu yake ni kweli, kwani mikogo ya Lindy imekuzwa ili watu wacheke. Hata hivyo yapo matusi ya kumcheka mtu na yapo matusi ambayo mtu huyo mwenyewe anayatumia. Linganisha na M*A*S*H ya Robert Altman, ya mwaka 1970, kichekesho kingine cha watu wengi walio kazini, safari hii hospitali ya jeshi katika vita vya Korea. Kule madaktari wanaangusha hema la bafu ili afisa wa wauguzi, Houlihan, aonekane uchi na kambi nzima. Anakimbilia kwa mkubwa wake akilia, na filamu inabaki upande wa wanaocheka. Hapewi jibu. Kwa upande wa ufundi M*A*S*H ni kazi kubwa, hasa sauti zake zinazopandana, lakini utani wake unakwenda njia moja tu, kutoka kwa wenye nguvu. Katika Car Wash unakwenda na kurudi.

Mahali ambapo mfumo huu unaishiwa nguvu ni kwa wanawake, na sitaki kulifunika. Marleen, yule kahaba, anakaa karibu na simu akimtafuta mwanamume ambaye hapatikani. Hakuna anayemtania kwa kweli, wala yeye hapewi nafasi ya kutania. Schultz anambakizia muziki wa huzuni na sura yake. Katika filamu ambayo kutaniwa ndiko kuhesabiwa miongoni mwa watu, Marleen anabaki mpita njia, na huruma anayopewa haifidii.

Rudi kwa Abdullah. Richard Pryor anaingia mara moja tu, kama Daddy Rich, mhubiri wa utajiri anayeshuka kwenye gari refu la kifahari akiwa na wasaidizi wake, dada wa Pointer Sisters. Wafanyakazi wanaotaniana tangu asubuhi wanageuka wapole, wanatoa pesa zao. Anayesimama kumwambia mhubiri kwamba ni tapeli ni Abdullah peke yake, na wenzake wanamkemea yeye, si mhubiri. Nadhani hili ndilo pigo la ujanja kuliko yote katika muswada wa Joel Schumacher. Mtu tuliyekwisha kumcheka kwa ukali wake sasa ndiye pekee anayesema kweli, na utani uliomshinda kwa Lindy hauthubutu kumgusa Daddy Rich. Tunaonyeshwa mpaka wa utani: unaweza kumsawazisha mfutaji na mfutaji, lakini mbele ya mwenye fedha unakaa kimya.

Mpaka huohuo unamzunguka Lonnie, mfanyakazi mkongwe aliyeigizwa na Ivan Dixon. Amewahi kufungwa, ana watoto wa kulea, na afisa wa kumchunga anamfuata mpaka kazini. Ana mawazo ya kuendeleza biashara, lakini mwenye kituo, Mr. B, kila mara hana nafasi ya kumsikiliza. Mr. B huyohuyo anamfukuza Abdullah. Kwa hiyo wanaosema mwisho umebandikwa wanasahau mambo mengi yaliyowekwa mbele ya macho yao mchana kutwa. Kituo kimefungwa, Lonnie yuko ofisini na mapato ya siku, Abdullah anaingia na bastola. Lonnie hafanyi mzaha hata mmoja. Anazungumza naye polepole, anamwita ndugu, mpaka silaha inashuka na yule mtu mrefu anavunjika kwa kilio, akisema amechoka kuja kila siku kutazama vituko vile. Maneno hayo yanatugusa na sisi tuliokuwa tukivitazama. Mwongozaji asiye na uhakika na kazi yake asingethubutu kuyaruhusu.

Schumacher alikuwa mzungu akiandika kuhusu wafanyakazi ambao wengi wao ni weusi, na baadhi ya wahusika wake kwenye karatasi wangeweza kubaki vinyago. Waigizaji na mwongozaji wao waliwatia uhai. Mtazame Clarence Muse kama Snapper, mzee wa kung'arisha viatu: alikuwa kwenye sinema tangu Hearts in Dixie ya mwaka 1929, enzi ambayo mtu mweusi alipewa utumishi na kicheko tu. Hapa bado ameshika viatu vya wengine, lakini amezungukwa na vijana wanaoujibu ulimwengu kwa sauti yao wenyewe. Kwa uamuzi wangu Car Wash inastahili kuwekwa juu ya M*A*S*H katika jambo hili moja, kwamba matusi yake yana wajibu wa kujibiwa, na yasipoweza kujibu kitu, filamu ina ujasiri wa kuyanyamazisha.