Mtoto, Mkate na Hati ya Mwaka 1910

Walimu wenzetu, na ninyi wazazi, hati iitwayo Quam singulari ilitolewa Roma tarehe 8 Agosti 1910, wakati wa Papa Pius wa Kumi. Ni fupi, kanuni zake ni nane tu. Wengi huitaja, wachache huifuata. Basi tumeisoma tena ili tuipime.

Sifa yake ya kwanza ni kusema waziwazi. Zamani, mahali pengine watoto walingojeshwa Komunyo ya Kwanza mpaka miaka 10, 12, au 14. Hati yasema wakati wake ni pale mtoto aanzapo kutumia akili, yaani kama mwaka wa 7, kabla kidogo au baadaye. Nayo desturi ya kuwanyima kitubio watoto waliofikia akili yailaumu kabisa.

Sifa ya pili, haidai katekisimu nzima. Yataka mtoto ajue mafumbo makuu ya imani kadiri ya akili yake, na apambanue Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Mengine atajifunza baadaye, polepole. Basi mwalimu amrudishaye mtoto kwa kuruka maneno mawili ya jibu amtoza kodi ambayo Kanisa halikuiweka. Hata kasuku hukariri.

Lakini hapo twaona upungufu. Hati iliandikwa Roma, ambako mkate huliwa kila siku. Mtoto wa Mapera, au wa Mbamba Bay kando ya ziwa, hula ugali wa mahindi au wa muhogo. Akiulizwa habari za mkate wa kawaida, atajibu neno la kitabu tu. Mwalimu na aanze na ugali ambao mama hupika ili mwili uishi. Ndipo amwonyeshe Bwana ajitoaye awe chakula cha roho. Na kwa kitubio, mtoto asikaririshwe dhambi za watu wazima. Afundishwe kujipima katika mambo ya kwao: uongo, kumdharau bibi, kumpiga mdogo wake.

Mwisho, kanuni ya nne yamtaja baba pamoja na padre muungamishi kuwa ndio hasa wenye kazi ya kumruhusu mtoto. Sisi twamwachia katekista yote, na baba ahangaika na nguo nyeupe. Nguo haimo katika zile kanuni nane. Mtoto aliye tayari asizuiwe kwa kuikosa. Baba, keti naye jioni motoni, umwulize: Mwanangu, unakwenda kumpokea nani?