Kamera Ndani ya Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Mwandishi wa filamu mwenye haraka, akitaka tujue kwamba mwanamke ana miaka 50 na mpenzi wake ana 26, humsimamisha jirani mlangoni aseme. Fundi humwacha jirani na shughuli zake. Atatuonyesha mama akishika ukuta kabla ya kuinuka kitandani, kijana naye ameshavuka mtaro wa nje kwa hatua moja. Atatuonyesha mama akisogeza simu mbali na macho asome ujumbe, na kijana akiipokea na kumsomea bila kuombwa. Kwa tendo hilo dogo umri umetajwa, na mapenzi yametajwa pia. Huo ndio ufundi ninaousifu, na kwa Nairobi naamini makao yake ni mitaa ya Kibera na Kawangware, kwa vijana wanaotengeneza filamu kwa pesa za kuungaunga na kamera ya kuazima.

Nazungumzia watu wazima. Mwanamume na mtoto wa shule si mapenzi. Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imelihesabu jambo hilo kuwa kosa, na sinema isilipambe.

Mwaka 1974 mwongozaji Mjerumani Rainer Werner Fassbinder alitoa Angst essen Seele auf, hadithi ya Emmi, mjane mzee anayefanya kazi ya usafi, na Ali, kibarua kutoka Moroko aliye mdogo kwake kwa miaka mingi. Bajeti ilikuwa ndogo, na picha zilipigwa kwa muda wa wiki mbili hivi. Angalia tu kamera inakaa wapi: nje ya mlango, kwenye ngazi, upande wa pili wa baa, wapenzi wakiwa wamebanwa katikati ya miimo ya mlango huku wengine wakiwakodolea macho. Kila ninapoitazama, naifikiria Kibera.

Maana huko Kibera, Laini Saba au Gatwekera, nyumba ya kawaida ni chumba kimoja, futi 10 kwa 10, ukuta wa udongo au mabati, pazia likitenga kitanda na jiko. Mpiga picha hana pa kurudi nyuma. Akitumia lenzi pana, nyuso zinavutika; akitaka kumwona mtu kuanzia kichwa hadi miguu, lazima atoke nje kichochoroni apige picha kupitia mlangoni. Akishatoka, nasi tumetoka naye. Tunawatazama wapenzi kutoka pale pale anaposimama jirani mbeya, na bila kuambiwa na mtu tunaona aibu ya kuchungulia. Mwanga nao una saa zake. Mchana hupenya kwenye matundu ya misumari ya mabati, vijiti vyembamba juu ya blanketi. Usiku ni balbu moja, na stima ikipotea ni mshumaa.

Sauti ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mvua ikipiga mabati, mazungumzo yamekwisha. Redio ya chumba cha pili haizimwi kwa sababu wewe unashuti. Treni nayo inakata katikati ya Kibera kwa ratiba yake. Mnasa sauti mzembe hupigana na haya yote. Aliye hodari huyaacha yaingie, kisha anamsogezea mwigizaji maikrofoni karibu kabisa, kwa kuwa watu wanaoishi na ukuta usioficha kitu hupendana kwa sauti ya chini. Mpenzi anayenong'ona kwa sababu nyumba ya jirani ina masikio ameshatueleza maisha yake yote mtaani.

Hawa Essuman alilielewa eneo hili katika Soul Boy, filamu ya mwaka 2010 iliyoandikwa na Billy Kahora na kupigwa Kibera kwenyewe. Kijana Abila anakimbia vichochoroni kutafuta roho ya baba yake, na vichochoro vinakuwa njia za mtu mwenye safari, si maonyesho ya umaskini. Mwaka huo huo ilitoka Togetherness Supreme ya Nathan Collett, na shule ya filamu ya Kibera chini ya Hot Sun Foundation ikawafunza vijana wa hapo kushika kamera. Upande wa Kawangware, mradi wa shirika la Amref huko Dagoretti uliwafundisha video vijana waliotoka mitaani.

Halafu kuna majina. Kwenye ploti ya Kawangware mwanamke wa miaka 50 ni Mama Fulani, jina la mtoto wake wa kwanza. Kijana wa boda boda wa pale Stage 46 atamwita hivyo mbele ya watu, kwa adabu zote. Wakiwa wawili ndani amwite jina alilopewa na wazazi wake, jina ambalo pengine halijatamkwa nyumbani humo tangu mume alipofariki. Mwandishi akiliweka hilo mahali pake, hahitaji busu.

Mada yenyewe, uhusiano wa watu waliopishana umri, si ngeni. Tamthilia ya Shuga ya MTV, iliyoanza mwaka 2009 na kuigizwa Nairobi, ilikuwa na Ayira wa Lupita Nyong'o na mwanamume aliyemzidi umri. Redio za Tanzania zilitangaza sana kuhusu Fataki, mzee anayewawinda wasichana wadogo. Kazi hizo zilikuwa za lazima na nazishukuru. Lakini anayelipia filamu ili ifundishe afya hulipia pia jibu, na mama yule na kijana wake hawana jibu la kumpa. Labda kijana anampenda. Labda anapenda kodi ya nyumba inayolipwa. Labda yote mawili, asubuhi moja hili na jioni lile. Fundi asiyedaiwa ujumbe na mfadhili ndiye anayeweza kukaa na swali hilo dakika tisini.

Kwa hiyo naomba hivi. Wafadhili, toeni pesa bila kudai funzo. Wenye vibanda vya video, wekeni usiku mmoja kwa wiki kwa filamu za mtaa wenu, na waliozitengeneza wapate sehemu ya kiingilio. Nanyi waongozaji, kabla ya kukodi kamera ya pili, mlipeni mnasa sauti.