Mhusika Mkuu wa Jedwali

Mwaka 1981 jarida la Journal of Natural Products lilichapisha makala ya Chogo na Crank kuhusu kemia ya kivumbasi, Ocimum suave. Kichwa chake kiliuita mmea wa Tanzania: nchi nzima mahali pa kijiji.

Makala za aina hii zina umbo lake, na aliyezizoea hulijua hata kabla ya kufungua ukurasa. Majani yalichumwa, yalichemshwa kwenye kifaa cha Clevenger, mafuta yakapitishwa kwenye kromatografia ya gesi. Kauli ya kutendwa tupu, mchumaji haonekani. Kisha linakuja jedwali.

Viambato havipangwi kwa wingi wala kwa umuhimu, bali kwa zamu ya kutoka kwenye mashine. Vyepesi hutangulia: alfa-pinini, limonini, sineoli. Eujenoli, ileile inayoipa karafuu harufu yake, na ambayo mara nyingi ndiyo mhusika mkuu wa kivumbasi, huingia katikati kwa mstari mmoja tu kama wenzake, ikifuatwa na karofilini. Naupenda ukavu huu. Mhusika mkuu hapigiwi ngoma. Tarakimu yake ndiyo inayomfichua.

Safu ya asilimia, hata hivyo, hulaghai. Jumla yake hukaribia 100, nawe ukadhani umekabidhiwa jani zima, kumbe ni mgawanyo wa mafuta tu, na kilo nzima ya majani kwa kawaida haijazi hata kikombe cha kahawa. Asilimia 70 ya tone na asilimia 70 ya chupa huandikwa sawasawa. Kiasi cha mafuta kilichopatikana kimejificha huko nyuma, kwenye maelezo ya mbinu, ambako msomaji mwenye haraka hafiki.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye mahali. Siku hizi wataalamu wengi huiweka Ocimum suave ndani ya Ocimum gratissimum, na spishi hiyo ina mimea iliyojaa eujenoli na mingine iliyojaa thimoli. Kwa hiyo kivumbasi cha Magamba, pale Mpanda, hakiwezi kusomwa kwa jedwali la kivumbasi cha Arusha. Na anayetegemea jina la mkoa ana shida nyingine: kibandiko cha jani lililochumwa Magamba mwaka ule wa 1981 kingesema Rukwa, maana Katavi, mkoa ilimo Mpanda leo, ulianzishwa mwaka 2012. Mimi ningeanza jedwali kwa kata, mwezi na saa ya kuchuma, ndipo alfa-pinini ipewe mstari wake.