Majivu Kabla ya Matofali

Tarehe 30 Desemba 1951, katika mkahawa mdogo wa Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, msanifu majengo Le Corbusier alichora kibanda cha kumzawadia mkewe Yvonne. Alisimulia mwenyewe kwamba kazi hiyo ilimchukua robo tatu ya saa. Nilimwonea wivu, mpaka nilipojua kwamba dakika hizo 45 zilikuwa na miaka nyuma yake. Tangu 1943 alikuwa akitunga kipimo alichokiita Modulor, kilichotokana na mwili wa mtu: urefu wake mita 1.83, na akiinua mkono, vidole vinafika mita 2.26.

Hiyo 2.26 ndiyo dari ya kibanda. Chumba ni mraba wa mita 3.66, yaani 2.26 ukijumlisha na 1.40, na ndani yake mistatili minne ya vipimo hivyo viwili inafuatana kwa duara kama watoto wanaocheza ukuti, ikiacha kijimraba katikati. Choo kiko nyuma ya pazia, mwisho wa ujia mwembamba.

Watu wa pwani yetu nao walipima kwa mwili zamani: shubiri, mkono, pima. Lakini katika nyumba za mawe za Lamu aliyeamua upana wa chumba ni mkoko. Boriti zake hazibebi dari nzito ya matumbawe na chokaa zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Mwenye nyumba angeweza kuota ukumbi mpana apendavyo. Mti ulikuwa umeshakata shauri.

Mimi nilipotaka kumjengea shangazi yangu kijumba cha futi 12 kwa 14, nilichora wiki tatu kwenye daftari la hesabu. Kwenye karatasi kila kitu kilienea, hata kiti cha mgeni. Fundi, mzee asiye na maneno mengi, aliitazama ramani yangu, akaikunja, akaagiza majivu.

Akapigilia vigingi, akavuta kamba. Kwenye pembe akapima futi 3 upande huu na 4 upande ule, akasogeza kigingi hadi mshazari ukasoma 5 kamili. Kisha akamwaga majivu juu ya mistari: kuta, kitanda, kabati. Mlango akauchora pamoja na tao lake, njia yote ubao unamopita ukifunguka.

“Ingia, mama,” akamwambia shangazi. “Umetoka bombani.”

Shangazi hakuigiza. Alikwenda kuchukua ndoo, akajitwika, akarudi, akasukuma mlango usiokuwepo. Akasimama. Ubao ulikuwa umegota kitandani, naye bado yuko nje na maji yake kichwani.

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, ila nadhani hawakuwahi kuchora ya futi 12. Mlango wa inchi 30 hula karibu futi 5 za mraba kila unapofunguka, nami nilikuwa nimeuchora kama kistari tu. Fundi akafuta tao kwa kandambili, akaligeuzia ukutani. Kitanda kikasogea, kabati likahamia miguuni pake, kiti cha mgeni kikatolewa. Asubuhi nzima ilipita hivyo, na kila kosa lilitugharimu gao moja la majivu.

“Na jiko?” shangazi akauliza.

Kibanda cha Le Corbusier hakikuwa na jiko. Alikijenga ubavuni mwa mkahawa ule ule, pakawekwa mlango wa kuviunganisha, akawa anakula huko. Kwake ilifaa. Jirani wa shangazi anafuga ng'ombe.

Tukalipeleka jiko chini ya upenu, upande usiopigwa na upepo. Fundi akataka kujua rafu ya chumvi ikae wapi. Nikafungua daftari: nilikuwa nimeandika futi 6, kwa kuwa ndipo ninapofikia mimi bila kujinyoosha. Fundi hakuliangalia. Alimwomba shangazi asimame penye majivu na ainue mkono kama anayechukua kitu, akasimamisha ufito kando yake, na pale vidole vilipoishia akakata alama kwa kisu.