Siku ya Kuatamia Aipange Mfugaji

Chukua ua wa nyumba ya kawaida, Kibaha au Mbagala, wenye mitetea wanane wa kienyeji na jogoo mmoja. Haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajaganda kiotani. Manyoya yamemsimama, analia kwa sauti nzito ya mkatomkato, anadonoa kila mkono unaosogea. Akitoka, hutoka mara moja kwa siku: anatoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali, anakunywa maji, anadonoa punje mbili tatu, anarudi mbio. Hapo wenye kuku wengi hufanya moja kati ya mawili. Ama wanamwachia mayai yote aliyoyakalia na kungoja kitakachotokea, ama wanamchovya kwenye ndoo ya maji na kumfukuza kutwa nzima mpaka achoke. Njia zote mbili zina kasoro ileile: zinamwachia kuku aamue lini vifaranga wazaliwe katika nyumba ile.

Nasema tarehe hiyo ni ya mfugaji. Siku 21 za kuatamia ni za kuku, na anazijua kuliko sisi. Faida na hasara hupatikana kabla hajawekewa mayai, na tena katika siku chache baada ya kutotoa.

Tazama hesabu yake. Kuku wa kienyeji aliyeachwa afuate desturi yake hutaga mayai 12 hadi 15, huatamia wiki tatu, kisha hulea vifaranga miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuanza kutaga upya. Mzunguko mmoja unakula takriban miezi minne, kwa hiyo mwaka una mizunguko mitatu na mayai kama 40 tu. Sehemu ndefu kuliko zote ni malezi. Na hao vifaranga wanaotangatanga na mama yao ndio wanaobebwa na mwewe, kunguru na nguchiro, wanaolowa umande, wanaokufa kwa ugonjwa wa mdondo. Kupoteza nusu yao kabla ya wiki ya nane ni jambo la kawaida. Kuku anamaliza zaidi ya nusu ya mwaka wake akilea watoto ambao wengi hawafiki popote.

Kinachomgandisha ni homoni ya prolaktini, itokayo kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Ikipanda, ovari husinyaa na utagaji hukoma. Manyoya ya tumboni hupukutika, ngozi hubaki wazi, mishipa ya damu hutanuka pale, na joto la mwili hufika kwenye mayai bila kizuizi. La kushika ni hili: mguso wa mayai na kiota ndio unaoidumisha homoni hiyo. Kuku hahesabu siku. Akiwa na kitu chenye umbo la yai chini ya tumbo ataendelea kukaa. Akinyimwa kiota, homoni hushuka ndani ya siku chache. Kumngojesha kuku mpaka wenzake wamfuate, na kumvunja kuku, yaani kumwachisha kuatamia, mbinu mbili zinazoonekana kupingana, zimejengwa juu ya jambo hilo moja.

Tuanze na kumngojesha. Mtetea wa kwanza akiganda, usimpe mayai ya kuangua. Mwangalie usiku. Kuku anayetaga tu hupanda kulala na wenzake. Anayetaka kuatamia hulala kiotani. Usiku wa pili akiwa bado yuko palepale, amedhamiria. Mwachie mayai mawili matatu ya bandia: mawe laini yenye umbo la yai, vipande vya mti vilivyochongwa, au mayai yaliyochemshwa ambayo utayabadilisha kabla hayajaoza. Viota vya wenzake navyo viachiwe mayai ya bandia, kwa sababu kuona mayai yamelundikana huwavuta mitetea wengine waatamie. Wa pili na wa tatu wakifuata ndani ya siku kumi, mpango wa kuwaatamisha pamoja umekubali. Mimi nisingemngojesha kuku zaidi ya siku kumi. Anayeatamia hula kidogo sana hata chakula kikiwa karibu naye, na anaweza kupoteza hata sehemu ya tano ya uzito wake. Kumwongezea wiki nyingi za kukalia mawe ni kumchosha bila sababu.

Katika siku hizo za kungoja, mayai ya kuatamisha yanakusanywa, na hapa joto la Pwani ndilo adui mkubwa kuliko hata kunguru. Kiinitete ndani ya yai huanza kuamka joto likipita nyuzi 20 hivi. Katika chumba cha Dar es Salaam, ambacho mara nyingi kina nyuzi 28 au 30, yai linakuwa na joto la kuanza kukua lakini halina joto la kumaliza. Kiinitete kinaanza, kinadumaa, kinakufa, na mfugaji anakuja kumlaumu jogoo. Mtu wa Njombe au Lushoto anaweza kuweka mayai wiki nzima chumbani bila hofu. Mtu wa Pwani ajiwekee siku tano, na atafute ubaridi: chungu kidogo chenye mchanga mkavu, ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga unaomwagiwa maji kila siku, kwenye kona isiyofikwa na jua. Maji yakikauka kwenye chungu cha nje hupoza cha ndani. Mayai yasimame ncha nyembamba ikiwa chini. Yasioshwe, maana ganda lina utando unaozuia vijidudu, na maji huuondoa. Makubwa kupita kiasi, madogo mno, na yenye ganda jepesi au ufa yaende jikoni.

Kisha unakuja usiku wa kuweka. Nasema usiku kwa sababu kuku gizani ni mpole. Utaondoa mawe na kuingiza mayai bila vurugu, na mitetea wote watatu wataanza siku moja. Mtetea wa kienyeji apewe mayai 10 hadi 12. Wengi huongeza matatu manne wakifikiri yakiharibika yataharibika hayohayo. Sivyo. Kuku huyageuza mayai mara nyingi kwa siku, na kila anapoyageuza huyahamisha: la pembeni linaingia katikati, la katikati linatoka pembeni. Ikiwa tumbo lake haliwezi kufunika mayai 15, baridi haikai kwa yai moja. Inazunguka zamu kwa yote. Waliotaka nyongeza ya vifaranga watatu hupoteza saba. Mayai ya kuku wa aina ya Kroila au Sasso ni makubwa zaidi, kwa hiyo chini ya mtetea mdogo yasizidi manane au tisa.

Kiota chenyewe ni jambo rahisi. Beseni chakavu, karai au boksi gumu, mchanga au majivu chini, nyasi kavu juu, katikati pawe na bonde ili mayai yajikusanye pamoja. Wapo wanaotia kipande cha mkaa kuzuia radi isiue mayai, hakidhuru. Kinachodhuru ni mitetea wengine kuingia na kutaga humo. Yai lililoongezwa siku ya sita litachelewa siku sita, na mama hatalingoja: vifaranga wa kwanza wakishakauka na kuanza kutembea, ataondoka nao na kuliacha likipoa. Kwa hiyo kila yai litiwe alama ya mkaa au kalamu, na kiota kifunikwe kwa tenga, lifunuliwe mara moja kwa siku kuku atoke ale, anywe na ajigaragaze vumbini.

Nakazia pia utitiri, kwa kuwa ndio chanzo cha lawama nyingi zisizo za haki. Kuku aliyetulia mahali pamoja wiki tatu, mwenye joto na giza chini yake, ni makazi bora ya utitiri, chawa na viroboto. Anapokikimbia kiota wiki ya pili, watu husema kuku huyu hana malezi. Mfunue mbawa uangalie ngozi yake. Dawa ya unga ya duka la mifugo ipakwe kabla hajawekewa mayai, irudiwe kiotani kabla ya wiki ya mwisho, na baada ya kutotoa nyasi zote zichomwe moto. Majani makavu ya tumbaku au mwarobaini chini ya nyasi hutumika sana, nami siyadharau, ila hayachukui nafasi ya dawa kwa kuku aliyekwisha kujaa wadudu.

Siku ya saba, usiku, mayai yanapimwa kwa tochi ya simu iliyozibwa kwa boksi lenye tundu dogo. Lenye uhai linaonyesha doa na mishipa iliyotawanyika. Lisilo na mbegu linang'aa tupu. Lililokufa mapema lina mstari wa damu wa mviringo. Hapa ndipo kuatamisha kwa pamoja kunapolipa. Tuseme mitetea watatu waliwekewa mayai 12 kila mmoja, jumla 36, na yaliyo hai ni 24. Hayo ni ya kuku wawili. Yahamishie kwao usiku huohuo, na wa tatu aachiliwe. Ametoka kiotani wiki mbili kabla ya wenzake, bado ana mwili, atarudi kutaga mapema. Mayai yasiyo na uhai yakibaki humo yataoza, mengine yatapasuka na kuchafua yaliyo mazima.

Tangu siku ya 18 kiota kisiguswe. Vifaranga huanza kulia ndani ya ganda kabla hawajatoka, na mama huwajibu. Anayechelewa asisaidiwe kwa kuvunjiwa ganda: mishipa ya damu inaweza kuwa bado imeshikamana na utando, na atavuja damu afe. Vifaranga waliokwisha kutoka hawana njaa. Kiini cha yai kimeingia tumboni mwao na kinawatosha siku mbili hadi tatu. Ni akiba hiyo inayomruhusu mama kukaa akiwangoja waliobaki.

Usiku unaofuata kutotoa, vifaranga wote wanaingizwa chini ya mtetea mmoja, yule mtulivu kuliko wote. Gizani anapokea watoto wa mwenzake bila ugomvi. Mchana angeweza kuwadonoa. Kwa hali ya hewa ya Pwani anaweza kufunika hata 20. Mtetea aliyenyang'anywa apelekwe mbali, asione wala asisikie vifaranga, alishwe vizuri, chenga za mahindi na dagaa wa kusaga. Wiki chache baadaye anataga. Yule mlezi naye akae na vifaranga ndani ya banda lenye wavu wiki nne, si miezi mitatu nje, kisha aachiliwe arudi kwa jogoo.

Vifaranga wa umri mmoja wana faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Chanjo ya mdondo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland cha Australia na sasa inatengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani na hutolewa tone moja jichoni, ikirudiwa kila miezi mitatu. Kichupa kimoja ni cha kuku wengi. Vifaranga watatu leo na watano mwezi ujao hakuna atakayewafungulia kichupa. Vifaranga 20 wa siku moja, pamoja na wa jirani aliyepanga tarehe ileile, wanastahili. Tarehe nayo huhesabiwa kutoka sokoni kurudi nyuma: kuku wa kienyeji huchukua miezi mitano hadi sita kufaa kuuzwa, kwa hiyo wa Krismasi huwekwa mwanzoni mwa Juni.

Na asiyehitajika kuatamia? Avunjwe mapema, siku ya kwanza au ya pili, kabla utagaji haujafungika kabisa. Kizimba kilichoinuliwa, sakafu ya wavu inayopitisha hewa, mwanga, chakula, maji, pasiwe na nyasi hata kidogo. Siku tatu au nne zinatosha wengi. Kumchovya majini, kumpitisha unyoya puani, kumfunga mguu juani, yote hayo ni mateso, na akirudi kiotani jioni hayajavunja chochote.

Kroila na Sasso kwa kawaida hawaatamii, na ua uliojaa chotara zao mwishowe huazima kuku kwa jirani. Tabia ya kuatamia hurithiwa. Mtetea anayekaa siku zote 21, anayevumilia mayai yake kupimwa usiku, anayepokea vifaranga wa wenzake, asiuzwe Desemba kwa sababu amenenepa. Mayai yake mwenyewe yatiwe alama tofauti na yatangulie kuwekwa kiotani, na majike watakaotoka humo ndio wabaki nyumbani.