Chawa, Mwarobaini na Hesabu ya Siku

Kalamba na sehemu nyingine za Ukambani, mtoto akianza kujikuna kichwa, dawa ya kwanza kutajwa ni mwarobaini. Majani huchumwa, huchemshwa mpaka maji yawe machungu, kisha mtoto huoshwa nywele. Sifa za mti huo si za kubuni, ila wengi hukosea sehemu ya kutumia. Azadiraktini, kemikali inayovuruga ukuaji wa wadudu, ambayo wanasayansi waliitenga mwaka 1968, imejaa zaidi ndani ya mbegu, tena haiyeyuki vizuri katika maji. Sufuria ya majani hutoa uchungu mwingi na dawa kidogo.

Waliopata matokeo mazuri walitumia mbegu. Mwaka 2007 watafiti nchini Misri walichapisha matokeo ya shampuu yenye dondoo la mbegu za mwarobaini, iliyojaribiwa kwa watoto 60 wa miaka 4 hadi 15 waliojaa chawa. Kila mtoto alipakwa mililita 20 hadi 30 kwenye nywele zilizolowa, ikasuguliwa mpaka kwenye ngozi. Dakika 10 zilitosha. Kungoja 30 hakukuongeza kitu. Lakini hiyo ilikuwa shampuu yenye kipimo maalumu. Matokeo yake hayaithibitishi sufuria ya jikoni.

Kitui na Makueni zina pia mukau, ndugu wa mwarobaini, ambao taasisi ya misitu ya KEFRI imeushughulikia sana katika kituo chake cha Kitui. Wafugaji hutumia majani yake kufukuzia viroboto na nzi kwenye vitoto vya mbuzi. Mbuzi, hata hivyo, si kipimo cha kichwa cha mtoto.

Je, mafuta? Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walijaribu siki, mafuta ya zeituni, mayonezi, siagi iliyoyeyushwa, spiriti na Vaseline. Chawa walizamishwa majini kwa saa nane na bado wakaishi, kwa hiyo wazo la kuwaziba pumzi kwa muda mfupi halina nguvu. Vaseline peke yake ndiyo iliyoua wengi, na mayai machache tu yakaanguliwa. Ubaya wake ni kwamba haitoki kichwani kwa urahisi, na palipo na uhaba wa maji hilo si jambo dogo.

Linalobaki ni chanuo la meno yaliyobanana. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kuchana nywele zilizolowa kuliponya asilimia 57 ya watoto, huku dawa za dukani zikiponya asilimia 13. Miaka mitano kabla, huko Wales, chanuo liliponya asilimia 38 na dawa ya malathioni asilimia 78. Matokeo haya hayagongani kama yanavyoonekana: usugu wa chawa kwa dawa hutofautiana mahali na mahali, na chanuo hutegemea mkono wa anayechana.

Siri ya chanuo ni hesabu ya siku. Yai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na chawa mchanga huhitaji siku 9 hadi 12 nyingine kabla ya kutaga. Ukichana siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, unawakamata walioanguliwa kabla hawajataga. Mtoto huketi penye mwanga, nywele hupakwa mafuta ya kula au ya nazi ili meno yateleze na chawa wapungue mbio, kisha hugawanywa mafungu madogo. Kila fungu huchanwa kutoka kwenye ngozi hadi nchani, na chanuo hufutwa kwa kitambaa cheupe kila linapopita, ili kilichotoka kionekane.

Kwa nywele za kipilipili zilizojikunja sana, chanuo hilo hukwama na kumwumiza mtoto. Hapo wembe wa kinyozi hushinda kila dawa, kwa sababu chawa hugandisha mayai kwenye unywele karibu kabisa na ngozi.

Mafuta ya taa na dawa ya kupe ya ng'ombe yasiguse kichwa cha mtoto kamwe: ya kwanza hushika moto na kuchoma ngozi, ya pili ni sumu. Mafuta ya mwarobaini nayo yasimezwe, maana yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga. Na chawa hai wakionekana tena baada ya siku ya 13, mpeleke mtoto zahanati, pamoja na wote anaolala nao.